Mbolea, mito na bahari yetu: mkulima wa bara anaonewa?

Wapo wanaosema ruzuku ya mbolea iliyoanza 2022 itakuja kutuulia bahari, na wapo wanaosema mkulima wa Bongo anaweka mbolea kiduchu tu, atachafua nini. Kwa leo mimi nipo karibu zaidi na hawa wa pili, ila wa kwanza nao hawajatunga.

Mbolea ambayo mmea haukuinywa, hasa urea iliyomwagwa juujuu alafu mvua ikapiga usiku uleule, inashuka mtoni mpaka baharini, huko inalisha vimwani vidogo sana vinazaana mpaka maji yanakuwa kijani, vikifa vinazama, na bakteria wanaoviozesha ndo wanamaliza oksijeni ya chini. Maji ya mto nayo ni mepesi, yanaelea juu ya maji chumvi kwahiyo hewa mpya haishuki. Oksijeni ikifika chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki mwenye mbio anahama, kaa na minyoo ya kwenye tope wanafia hapohapo. Ghuba ya Mexico, unapomwaga mto Mississippi uliopita kwenye mashamba ya mahindi na soya, mwaka 2017 eneo la maji yaliyoishiwa oksijeni hivo lilifika kilomita za mraba 22,700 hivi, zaidi ya mara 10 ya mkoa wote wa Dar. Wamarekani walitaka lisizidi 5,000 ifikapo 2015, wakashindwa, wakasogeza mpaka 2035.

Bahari Nyeusi ndo ilipata nafuu miaka ya 90, ila sababu kubwa ni kwamba Umoja wa Kisovieti ulivunjika na mbolea ikakosa wanunuzi. Yani bahari ilipumua pale wakulima walipokwama! Siwezi kumuombea mkulima wa Songea dawa ya hivo. Viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja 2006 tufike kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015, na sisi hatukufika. Alafu udongo ukichoka kwa kukosa mbolea mtu anafyeka msitu mwingine, tope linashuka mtoni na rutuba yake yote.

Na hapa Dar tujiangalie kwanza. Naitrojeni na fosforasi, virutubisho vilevile vya kwenye mbolea, zimejaa kwenye mavi na mkojo wetu pia, sehemu kubwa ya jiji haina bomba la maji taka, masika ikianza kuna watu wanatapisha vyoo kwenye mitaro, yote inashuka Msimbazi, Jangwani, mpaka daraja la Salenda. Kinachotusaidia ni maji kupwa na kujaa, siku za bamvua (mwezi mpevu au mwandamo) yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, yanachanganya bahari vizuri, lakini kwenye hori za ndani, yani mikono ya bahari iliyoingia nchi kavu, kama Mzinga sina raha hiyo.

Ninachoogopea kwa baadae ni Rufiji, maana inapokea maji ya Kilombero na Ruaha Mkuu, kwenye mpunga na miwa, na mdomoni kwake kuna mikoko na kamba wanaolisha watu wengi. Kwahiyo ruzuku iendelee, ila kwenye fungu hilohilo iwemo hela ya bwana shamba wa kumfundisha mtu kufukia mbolea na kuiweka kwa awamu, na oksijeni ipimwe mdomo wa Rufiji na Msimbazi kila masika, majibu yabandikwe soko la Feri wavuvi wayasome.