Bakshishi iwe shukrani, isiwe mshahara

Mtazame mhudumu wa mgahawa saa za msongamano. Sahani mbili zimekaa kwenye mkono wake wa kushoto, ya tatu iko kulia, na bado ameshaona kwamba meza ya pembeni glasi ni tupu na mgeni wa karibu na mlango anatafuta bili. Anakumbuka pia ni nani aliyesema karanga zinamdhuru. Huo ni ujuzi, na unastahili kulipwa. Alipwe na nani?

Wahudumu wengi wenyewe wanaitetea bakshishi, na wana sababu. Hela inaingia mfukoni siku hiyohiyo, na zamu moja yenye wateja wakarimu inaweza kushinda ujira wa siku kadhaa. Mwaka 2015 Danny Meyer, mwenye migahawa kadhaa New York, alianza kuiondoa bakshishi na kupandisha bei ili alipe mishahara bora. Baadhi ya wahudumu waliondoka, na mwaka 2020 aliirudisha.

Kasoro naiona pale bakshishi inapochukua nafasi ya mshahara. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaruhusu anayepokea bakshishi alipwe dola 2.13 kwa saa, kiwango kilekile tangu 1991. Ujira huo ukijumlishwa na bakshishi usipofikia kima cha chini cha dola 7.25 kwa saa, mwajiri anatakiwa kufidia. Ila kumdai anayekupangia zamu si jambo jepesi. Mwaka huohuo wa 1991, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 172, unaotaka wafanyakazi wa hoteli na migahawa walipwe ujira wa msingi kwa vipindi vya kawaida, bakshishi iwepo isiwepo.

Kinachoniumiza zaidi si hesabu. Mteja anamshika mhudumu kiuno wakati anaweka bili mezani, naye anatabasamu, kwa kuwa kodi ya nyumba yake imo kwenye pochi ya mtu huyo. Mwenye mshahara kamili angeweza kumwambia aache.

Waajiri watasema bei zitapanda. Huenda zikapanda kweli, na biashara ndogo zitaumia kwanza. Hilo si la kupuuzwa. Lakini California inawadai waajiri walipe kima kamili cha chini cha jimbo kabla ya kuhesabu bakshishi, na wateja wa huko bado wanaiacha mezani.