Kupaa tena si kushindwa

Kuna habari ya rubani aliyeghairi kutua akapaa tena ndege ikiwa karibu kugusa ardhi; mnaomlaumu kwa hilo, naomba mfikirie upya. Penye upepo wa ubavuni ndege hushuka ikiwa imegeuza pua kuelekea upepo unakotoka, kama mtumbwi unaovuka mto wenye mkondo mkali. Sekunde za mwisho rubani huinyoosha kwa pedali za usukani wa mkia. Dharuba ikipiga hapo hapo, bawa moja huinuka, na ndege kubwa yenye injini chini ya mabawa haina nafasi ya kulala upande. Kule Hamburg, Ujerumani, Machi 1, 2008, ncha ya bawa la ndege ya abiria aina ya Airbus A320 ilikwaruza njia ya kurukia. Marubani wakapaa, wakazunguka, wakatua salama mara ya pili.