Kodi ya jengo kwenye LUKU: foleni imeisha ila anayekatwa ni mpangaji

Mtu akiniuliza teknolojia imeibadilishaje Dar namwonyesha mita ya LUKU, ile ya umeme wa kununua kabla ya kutumia. Hicho kiboksi cha ukutani tangu Agosti 2021 kinakusanya na kodi ya jengo, ilianza buku kwa mwezi nyumba ya kawaida na elfu tano kila sakafu ya ghorofa, 2023 ikapanda mpaka 1,500 na 7,500. Unanunua umeme mwanzo wa mwezi unashangaa yuniti zimekuja pungufu, kumbe umeshalipa kodi hata hujaombwa.

Nianze na haki yake maana wengi tunasahau tulikotoka. Waliokuwepo 2017 wanakumbuka zile foleni za kulipia majengo TRA siku za mwisho, wazee wamekaa chini na risiti za zamani kwenye mfuko wa rambo, nauli ya kwenda na kurudi imeliwa na siku nzima ya kazi imepotea. Leo foleni hiyo hakuna, wa kukuandikia risiti feki hakuna, wa kukwambia njoo tuongee pembeni naye hana nafasi. Ni kama kontrol namba, zile namba za kulipia malipo ya serikali kwa simu, zilizoanza mwaka huohuo wa 2017, sasa hivi faini ya trafiki, leseni ya biashara, vyote unamaliza umekaa kibarazani kwako. Jiji la watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022 huwezi kulihudumia kwa kitabu cha risiti, hapo sina ubishi hata kidogo.

Ishu yangu ni nani anakatwa. Mita haimjui mwenye nyumba, inamjua anayeingiza tokeni, na ukienda Manzese, Tandale, Buguruni, Mbagala, anayeingiza tokeni mara nyingi ni mpangaji. Chukua nyumba moja ya uswahilini, vyumba sita, mita moja, umeme wa kuchangishana. Aliyekusanya michango ananunua wa elfu kumi, meseji inaingia, watu wanasogelea simu kuhesabu, yuniti haziendani na hela, dada wa chumba cha pili anaanza kumwangalia mwenzie kama vile kala cha juu mpaka mtu asome kwa sauti kile kipengele cha kodi ya jengo. Mwenye nyumba yuko zake Goba hana habari, na kodi ya chumba anaidai ileile miezi sita mkononi. Hili liliulizwa tangu mwanzo, jibu likawa wapangaji waelewane na wenye nyumba wao. Jamani, mpangaji wa chumba kimoja akimfuata mwenye nyumba kudai 1,500 si ataambiwa kama umechoka hama!

Wanaotetea wanasema hela yenyewe ndogo, na kweli 18,000 kwa mwaka ukigawa vyumba sita ni elfu tatu tatu, haimfilisi mtu. Lakini hii kodi ni ya mwenye jengo, enzi za foleni ilimtoa yeye kwake, ilipoingia kwenye mfumo ikahamia kwa aliye karibu na mita kwa sababu ndo rahisi kumkata. Kompyuta haikujiamulia hivyo, kuna watu walikaa mezani wakaamua.

Halafu vitu vyote vikining'inia kwenye mfumo mmoja, ukizingua mnakwama wote. Mei 2021 LUKU iligoma siku kadhaa, watu wakarudi kujazana ofisi za TANESCO na hela mkononi kama zamani. Novemba 2024 ilikuwa afadhali, mita za aina hii dunia nzima zilitakiwa kusetiwa upya kwa sababu zinahesabu dakika tangu 1993 na hesabu ilikuwa inafika mwisho tarehe 24. Hapa kwetu ukinunua umeme zikawa zinakuja namba makundi matatu, tarakimu 20 kila moja, na mita ikajiseti bila fundi kupita nyumba kwa nyumba, kazi nzuri sana ile. Ila nilimsaidia bibi jirani yangu kuingiza zile sitini, anasoma kwenye kitochi kioo kimepasuka, akifika katikati simu inazima mwanga, tunapotea, tunaanza upya, taa inakuja kuwaka magharibi imeshaadhiniwa. Alikuwa na mimi. Asiye na mtu je?

Ninachotaka kinawezekana kwa teknolojia hiihii. Anwani za makazi tumebandikiwa tangu 2022, mwenye jengo ana NIDA na ana laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, basi nyumba ya kupangisha kontrol namba itumwe kwenye simu yake yeye, na serikali ya mtaa awepo mtu mmoja wa kumwelekeza bibi kama yule. Najua kuna atakayesema mwenye nyumba ataipachika kwenye kodi ya chumba. Aipachike, angalau itakuwa imeandikwa kwenye mkataba na tutabishana naye tukimwona usoni.