Usiamini jina la faili, tazama baiti zake

Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa programu asimalize muhula wa kwanza bila kujua kutumia xxd, amri inayoonyesha baiti za faili moja moja. Tumezoea mno kuamini majina. Faili likiitwa risiti.pdf, basi kwetu ni PDF, ilhali jina huandikwa na yeyote na hubadilishwa kwa sekunde moja, yaliyomo yakabaki vilevile. Fungua terminali uandike:

xxd -l 16 picha.png

Kama kweli ni PNG, utaona hivi:

00000000: 8950 4e47 0d0a 1a0a 0000 000d 4948 4452  .PNG........IHDR

Kushoto ni mahali ulipofika ndani ya faili, katikati ni baiti zenyewe kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16), kulia ni herufi zake, na nukta pale pasipo na herufi ya kuonyeshwa.

Baiti nane za mwanzo zinastahili kutazamwa kwa utulivu, maana waliozipanga waliumiza kichwa. 89 iko nje ya ASCII (msimbo wa herufi wa biti 7), hivyo faili likipitishwa kwenye njia inayobeba biti 7 tu za kila baiti, litaharibika papo hapo na kujulikana. 50 4E 47 ndiyo PNG. 0D 0A hufunga mstari kwa mtindo wa Windows, 0A ya mwisho kwa mtindo wa Unix. Programu yoyote ikigeuza mistari njiani, saini hii ya baiti nane huvurugika. 1A, alama ya mwisho wa faili kwa DOS (mfumo endeshi wa kabla ya Windows), iliizuia amri yake ya type, ya kuonyesha faili, isimwage takataka kwenye skrini. Yote hayo ndani ya baiti nane!

PDF huanza na 25 50 44 46. Docx, xlsx na apk huanza na 50 4B, yaani PK, herufi za Phil Katz aliyebuni zip, kwa kuwa zote ni zip kwa ndani. Na risiti.pdf inayoanza na 4D 5A usiifungue kabisa: hiyo ni programu ya Windows.

Wapo wanaosema amri ya file, inayokutajia aina ya faili, inatosha. Kwa kujua aina, mara nyingi ndiyo. Lakini chukua CSV (jedwali la maandishi matupu) yenye "Asha Juma" mara mbili, na hifadhidata inang'ang'ania kuwa ni watu wawili. Amri ya file itakujibu tu kwamba ni maandishi ya UTF-8. Kwenye xxd utaona jina moja lina 20, nafasi ya kawaida, na la pili lina C2 A0, nafasi isiyokatika, ambayo mara nyingi huja na maandishi yaliyonakiliwa kwenye tovuti. Kwa macho hazitofautiani hata kidogo.