Tusome DNA Yote Kwanza, Ndipo Tujisifu

Kila ukizuka mjadala wa wanyama waliobadilishwa jeni, hakosi mtu wa kusema kwamba uhariri wa jeni ni uzalishaji ule ule wa siku zote, ila umeongezwa kasi. Kauli hiyo inaniudhi, hasa ikitoka kwa watu wa maabara, maana wao wanayajua yaliyotokea kwa ng'ombe wasio na pembe.

Nia ilikuwa njema, hilo silikatai. Ndama wa maziwa huchomwa vichipukizi vya pembe kwa chuma cha moto, na ni maumivu makali. Angus, ng'ombe wa nyama, huzaliwa bila pembe kwa asili. Basi kampuni ya Recombinetics ya Marekani ikachukua seli za ng'ombe wa maziwa, ikatia vimeng'enya vya TALEN vikate DNA mahali panapoamua pembe, pamoja na kiolezo chenye kipande cha herufi 212 za DNA walicho nacho ng'ombe wasio na pembe. Kiolezo kilibebwa na plasmidi, DNA ya mviringo kutoka kwa bakteria. Seli ikijirekebisha palipokatwa, hunakili kiolezo. Lakini pengine huingiza na plasmidi yenyewe, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Madume wawili waliotokana na seli hizo walizaliwa mwaka 2015, wakatangazwa kuwa hawana mabadiliko yasiyokusudiwa. Mwaka 2019 wanasayansi wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, wakaikuta plasmidi ndani ya DNA yao, pamoja na jeni za bakteria za ukinzani dhidi ya antibiotiki. Dume mmoja alikuwa ameshazaa: kati ya ndama sita, wanne walikuwa wameirithi.

Kwa nini haikuonekana mapema? PCR ya kawaida, yaani kipimo cha kunakili DNA mara nyingi ili ionekane, hukuza kipande kifupi kati ya alama mbili. Kipande kinachotarajiwa kikiwapo, hujitokeza vizuri na mtu huridhika. Nakala iliyobeba plasmidi ni ndefu mno, haikuzwi, kwa hiyo haionekani. Hata ukisoma jenomu nzima, yaani DNA yote ya mnyama, ukilinganisha na jenomu ya ng'ombe peke yake, vipande vya bakteria havipati pa kukaa na programu huviweka kando. Lazima mfuatano wa plasmidi iliyotumika utafutwe kwa makusudi, na maungio yake na DNA ya ng'ombe yasomwe kwa mashine za kusoma vipande virefu. Si kazi ngumu. Haikufanywa kwa sababu hakuna aliyetarajia kuikuta, na hilo ndilo linalonitia hasira.

Wanaopinga kila kitu nao wanashikilia swali moja tu, la usalama wa mlaji, wakimsahau mnyama. Nguruwe wa Beltsville, kituo cha utafiti wa kilimo cha serikali ya Marekani, wa miaka ya 1980, waliotiwa jeni ya ziada ya homoni ya ukuaji, walikuwa na nyama yenye mafuta machache. Walikuwa pia na vidonda vya tumbo, baridi yabisi na matatizo ya figo. Mnyama anayeishi kwa maumivu ili nyama yake ipungue mafuta ni kosa, hata kama nyama hiyo haimdhuru mtu.

Samaki wa AquAdvantage, salmoni waliobadilishwa jeni ili wakue haraka, sikuwaogopa sana: walikuwa majike watupu, wenye seti tatu za kromosomu, wasiozaa, na walifugwa kwenye matangi ya nchi kavu hadi kampuni yao ilipoacha ufugaji mwaka 2024.

Na ipo kazi inayostahili kuungwa mkono. Nguruwe waliohaririwa jeni ya CD163, walioidhinishwa na FDA mwaka 2025, hawaambukizwi PRRS, ugonjwa wa virusi unaoshambulia uzazi na upumuaji wa nguruwe, kwa kuwa virusi vimenyimwa mlango wa kuingilia seli. Hapo anayefaidika kwanza ni mnyama mwenyewe. Lakini hata hao nataka wasomwe DNA yote, na data ghafi iwekwe wazi, kwa sababu ile plasmidi ya ng'ombe iligunduliwa kwenye data iliyokuwa imewekwa hadharani. Ingefungiwa kabatini, wale ndama wanne wangeendelea kuitwa safi.