Mguu kifundo: plasta ifungwe wilayani au hospitali kubwa?

Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja hivi huwa na mguu kifundo: unyayo umepindia ndani, kisigino kimevutwa juu. Kuhusu tiba hakuna ubishi tena. Njia ya Daktari Ignacio Ponseti, ya kunyoosha kwa plasta badala ya upasuaji mkubwa, imekubalika duniani kote. Kinachobishaniwa Tanzania na kwa jirani zetu ni mahali pa kuitolea.

Wanaotaka ishuke wilayani wana hoja nzito. Plasta hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7, na hata tiba ikiwa bure, nauli haiwi bure. Mama atajikakamua wiki mbili. Ya tatu mvua zimeanza na shamba linamngoja. Isitoshe, Uganda ilishaonyesha kwamba kazi hii haimhitaji daktari bingwa: matabibu wa mifupa walifundishwa, wakaiweza.

Lakini piga hesabu. Wilaya yenye vizazi 10,000 kwa mwaka itapata watoto 10 hivi. Wagawe kwenye vituo vitatu, kila mfungaji anabaki na watatu au wanne, na mkono hauzoei. Kidole gumba chake kinatakiwa kiegemee kichwa cha talasi (mfupa wa unyayo unaoungana na mguu kwenye kifundo), upande wa nje, mbele kidogo tu ya kifundo, wakati mkono wa pili unausukuma unyayo kwenda nje. Akibonyeza mbele zaidi, kisigino kinazuiwa kugeuka, na plasta zitafuatana bila mguu kunyooka. Akilazimisha unyayo uinuke juu kabla ya wakati, unakunjika katikati na kubinuka chini kama kitako cha mtumbwi. Kosa hilo ni gumu kulirekebisha. Plasta nayo lazima ifike juu ya paja, goti likiwa limekunjwa nyuzi 90. Inayoishia chini ya goti huteleza. Mzazi akiona vidole vinazama ndani, au vimebadilika rangi, arudi siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo plasta naona zibaki kwenye hospitali chache za mikoa, kwa siku moja maalumu ya wiki, na nauli ya mama itengewe fungu. Kinachopaswa kushuka ni viatu. Watoto wengi hukatwa kano ya kisigino kwa ganzi ya sehemu, wakakaa na plasta ya mwisho wiki 3, kisha huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala hadi miaka 4 au 5. Hapa ndipo miguu mingi inaporudi kupinda. Mguu umenyooka, mtoto analia usiku, bibi anamhurumia mjukuu na kumfungua.

Kulizuia hilo hakuhitaji mtaalamu, kunahitaji mtu wa karibu. Kiatu cha Steenbeek, kilichobuniwa Uganda kwa ngozi na chuma, kina matundu nyuma ya kuonyesha kama kisigino kimekaa chini. Muuguzi wa zahanati anaweza kuyatazama siku ya kliniki ya uzito, na kupima kama chuma bado kinalingana na upana wa mabega. Kikwazo ni saizi: mtoto anakua, na zahanati isiyo na kiatu kinachofuata itamrudisha mama mikono mitupu. Halmashauri inunue viatu hivyo kwanza, ndipo ifikirie kufundisha wafungaji wapya wa plasta.