Babu kapigwa picha juzi

Babu yangu mzaa mama alifariki miaka mingi kabla sijazaliwa, na mwezi uliopita akapigwa picha. Amekaa kwenye kiti cha kuchonga, kanzu imenyooka, kofia ya viua kichwani, na ubavuni pake amesimama bibi akiwa bado msichana, kajitanda kanga. Kaitengeneza binamu yangu kwa simu, akairusha kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, na kabla ya Isha ilikuwa imeshafika Muscat na Leicester, ikarudi Wete na dua chungu nzima.

Ukweli ni kwamba tulikuwa na kipicha kimoja tu cha paspoti, kilichobanduliwa kwenye kitambulisho, pembe zimekunjika, muhuri wa ofisi umemkalia begani. Binamu akakipiga picha, akaandika mistari mitatu ya maelekezo, yaliyobaki akaiachia akili mnemba, yaani AI. (Mzanzibari akisikia "mnemba" huwaza kwanza kile kisiwa cha mbele ya Matemwe. Tutazoea.)

Nilimpelekea bibi simu. Akavaa miwani, akatazama kitambo.

"Mashaallah. Kijana mzuri. Mtoto wa nani?"

Nikamwambia, "Bibi, huyu ni mumeo." Akacheka, akaisogeza simu karibu na uso. "Haya. Na hii kanga niliyovaa imeandikwa nini, mjukuu wangu?"

Nikajaribu kusoma nikashindwa. Zilikuwa herufi, zimepangwa vizuri chini ya mji wa kanga kama inavyotakiwa, lakini hazikuunda neno la lugha yoyote. Asiyetujua ataiona kasoro ndogo. Lakini kwetu kanga hununuliwa kwa jina lake. Mwanamke anaweza kuzunguka Darajani asubuhi nzima akitafuta jina analotaka mtu fulani alisome. Kumvisha bibi kanga isiyosomeka ni kumsimamisha pale mbele ya watu na mdomo umefumbwa.

Hata hivyo sikuweza kumlaumu binamu, na bado siwezi. Mji Mkongwe haukukosa wapiga picha. Mgoa A. C. Gomes alikuwa na studio hapa tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, ikaja kushikwa na mwanawe Rohit. Lakini aliyeingia studio alikuwa na harusi, cheo au senti za ziada. Mchuma karafuu wa Pemba, akionekana kabisa, huonekana kwenye postikadi za wageni, bila jina, kama vile mnazi au jahazi. Halafu ikaja 1964: nyumba zikabadilisha wenyewe, watu wakaondoka na walichoweza kubeba, na albamu ni nzito. Hata simu hazikutusalimisha. MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, vijana wengi walikwenda na picha zao mfukoni.

Kwa hiyo kuna watoto na wajukuu wasio na sura ya kuitazama. Mama mdogo wa Muscat ni mmoja wao. Alizaliwa baba yake keshazikwa. Picha ile ameichapisha kubwa, ameitia fremu, ameitundika sebuleni. Nilipompigia kumweleza habari ya kanga alinijibu bila hasira: "Bibi yako ana sura ya kulinganisha nayo, mwanangu. Mimi sina." Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo.

Wapo wasanii waliolifanyia kazi pengo hili. Mgiriki Maria Mavropoulou, ambaye ukoo wake ulihamahama ukabakiwa na picha chache, ameunda albamu nzima ya familia kwa akili mnemba, na katika jina lenyewe la kazi anakiri kwamba ni picha za kuwazia. Mjerumani Boris Eldagsen alipita njia nyengine. Mwaka 2023 alipeleka kwenye mashindano ya Sony World Photography Awards picha ya wanawake wawili, ya rangi ya kizamani, mithili ya iliyotoka kwenye sanduku la bibi wa mtu. Ikashinda katika kundi lake. Yeye akaikataa tuzo, akasema imetengenezwa na mashine na haifai kushindanishwa na picha za kamera. Huyo hakuwa na ukoo wa kuuhuisha. Alitaka kuona kama waamuzi wataitambua.

Sasa, wanaotetea hukimbilia hoja moja: mbona picha za studio nazo zilidanganya? Kweli zilidanganya. Ninayo ya mjomba wangu wa ujanani, suti ya kuazima, saa ya kuazima, mkono umeshika simu ya mezani iliyowekwa hapo kwa urembo tu. Waya unaonekana umeishia kwenye mguu wa meza. Nyuma yake pazia lenye ziwa na milima ambayo Unguja haijawahi kuiona. Lakini mjomba alikuwepo. Aliichagua ile saa, aliinua kidevu mwenyewe, na ukimuuliza leo alikuwa anazungumza na nani kwenye ile simu hucheka mpaka machozi. Uongo ule ni wake. Ndani yake unamjua kijana aliyetaka aonekane hivyo. Babu hakutaka chochote katika kile kiti cha kuchonga. Matamanio yaliyomo ni ya binamu, na ya mamilioni ya picha za watu wengine ambazo mashine ilifundishwa nazo.

Mashine hiyo ina ladha yake. Kwenye paspoti jicho la kushoto la babu ni dogo kuliko la kulia, kope imelala kidogo. Jicho hilo analo mama, na ninalo mimi; shuleni nilichekwa kwa ajili yake. Programu imelinyoosha. Rangi nayo imefifia, pua imechongwa. Hili si geni: kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi za filamu kwa kadi ya mwanamke wa Kizungu, na mwaka 2018 utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru ulikuta programu za kutambua jinsia kwa sura zikikosea kwa wanawake weusi hadi asilimia 34.7, huku kosa kubwa kabisa kwa wanaume weupe likiwa asilimia 0.8. Kutambua sura na kutengeneza sura ni kazi mbili, najua. Ila kwetu kilichoondolewa kama kasoro ndicho kilichokuwa kinatuunganisha na mtu yule. Na muhuri wa begani, uliokuwa na tarehe, programu imeuona uchafu ikaufuta. Ndiyo ilikuwa tarehe pekee ya maisha yake tuliyonayo kwa maandishi.

Utaambiwa subiri, itajifunza. Itajifunza kweli, programu za leo zinaandika herufi vizuri kuliko za miaka miwili nyuma. Mimi hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Kanga isiyosomeka inajishitaki yenyewe. Ikija kusomeka, bibi atavishwa jina ambalo hakulichagua, na vitukuu watalisoma wakidhani ndilo alilomwambia babu siku ile.

Barazani kwetu mjadala ulikwenda njia nyengine kabisa, na naona ndiyo yenye uzito kuliko hizi zote. Mzee mmoja alikumbusha jinsi picha za kamera zilivyopata ruhusa kwa wanazuoni wengi, licha ya makemeo ya hadithi kwa wenye kutengeneza taswira za viumbe. Hoja mashuhuri ni ile ya Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri: kamera haiumbi kitu, inazuia kivuli kilichokwisha kuwepo, kama kioo kinavyoshika sura. Wapo walioikataa hoja hiyo, lakini ndiyo iliyotuingiza wengi wetu studio. Sasa kivuli cha nani kimezuiwa kwenye picha ya babu? Uso wake labda, nusu nusu. Kiti hakikuwepo, kanga haikuwepo, mchana ule haukuwepo. Kijana mmoja akajibu kwamba basi ni mchoro, na tuuhukumu kama mchoro. Mzee akasema ndiyo hasa anavyomaanisha, na kwamba ruhusa ya kioo haimfuati mchoraji. Adhana ikatutenganisha.

Mimi si mwanazuoni, lakini mstari ule naukubali hata nje ya fikihi. Ukiiita mchoro, mama mdogo ana haki yake yote: binti anaweza kuagiza mchoro wa baba asiyemjua, na ukutani kwake ukae. Ukiiita picha ya babu, basi hapana, kwa sababu bibi yupo hai na amesema hamjui. Sitaki binamu aifute. Ninachogomba nacho ni albamu. Picha ya WhatsApp haina mgongo wa kuandikwa. Ikishapita simu tatu hakuna anayejua ilitoka wapi, na yenye sura safi huishinda ile chakavu. Tayari nimemwona mpwa wangu kaiweka kwenye status, na paspoti hakuna aliyejisumbua kuiomba.

Ijumaa iliyopita nilichapisha nakala mbili, Darajani. Moja ya paspoti, imekuzwa vilevile ilivyo, na muhuri wake, na jicho lake. Nyengine ya binamu. Nyuma ya hii nikaandika kwa kalamu kwamba imetengenezwa kwa kompyuta, mwaka, na jina la aliyeitengeneza. Nikamsomea bibi.

"Ongeza," akasema, "na kanga si yangu."